Likizo Yetu ya Ujiji

Wasomaji wa safu hii wamezoea kutukuta tukizungumza juu ya karafuu, maji ya mifereji, madawati ya skuli na mambo mengine yenye kuwakera wananchi na kuwashughulisha viongozi. Leo tunaomba ruhusa tuzungumze juu ya likizo. Wako watakaosema kwamba likizo ya mtu na watoto wake si jambo la kuandikwa gazetini, na kwa kawaida tungeafikiana nao. Lakini safari tuliyoifanya mwezi wa Juni 2024, skuli zilipofungwa, ilitutoa Bandari ya Malindi na kutufikisha mji mdogo wa Ujiji, kule magharibi kabisa ya nchi yetu, ukingoni mwa Ziwa Tanganyika. Na tuliyoyasikia huko yanawahusu watu wa Visiwani zaidi kuliko wengi wetu tulivyo tayari kukiri. Kwa hivyo tumeona ni wajibu kuyaweka mbele ya umma.

Asili ya safari yenyewe ni karatasi. Mama yetu mzazi, ambaye umri wake umepindukia miaka sabini na mitano na ambaye nyumba nzima humwita Bi Mkubwa, anayo karatasi aliyoirithi kwa baba yake, imekunjwa mara nne na kuhifadhiwa ndani ya kasha pamoja na hati za shamba. Imeandikwa kwa Kiswahili katika herufi za Kiarabu. Sisi, tuliosomeshwa chuoni kabla ya kupelekwa skuli ya serikali, ndio tuliokuwa tukiitwa kuisoma kila ilipotakikana, na mpaka leo tunaijua kwa moyo. Ni barua ya kaka wa babu yake, kijana aliyefuatana na msafara wa kwenda bara katika zama za Sayyid Barghash asirudi tena. Anaeleza kwamba yu mzima wa afya, kwamba amekaa Ujiji karibu na msikiti, kwamba amepata mke na mtoto wa kike, na kwamba minazi yake isiuzwe mpaka atakaporudi. Chini ameandika mwezi wa Mfunguo Nne, na mwaka hakuutaja. Minazi iliuzwa zamani sana. Barua ikabaki.

Basi tulipowauliza watoto wapi wangependa kwenda likizo, mmoja alisema Dubai, mwingine akasema Dar es Salaam kwenye mabembea, na Bi Mkubwa, aliyekuwa akichambua mchele na ambaye hakuna aliyemuuliza, akasema Ujiji. Mjadala uliishia hapo.

Safari ya gari kwa mtu wa kisiwani huanza kwa chombo cha baharini, na huu ni usumbufu ambao ndugu zetu wa bara hawaujui. Tulivuka kwa boti, tukapokewa na shemeji yetu wa Dar es Salaam, naye kwa ukarimu wake akatukabidhi gari lake aina ya Noah, akatuonesha pahali pa kutia maji, na akatutaka tusiendeshe usiku. Tulikuwa watu saba: sisi, mama watoto, Bi Mkubwa na watoto wanne. Mizigo ilikuwa ya watu kumi na wanne. Mama watoto alichukua mikate ya kumimina, samaki wa kukaanga na chupa mbili za chai. Bi Mkubwa alichukua nazi sita, kwa hoja kwamba bara hakuna nazi. Tulimcheka. Baadaye tulikoma kumcheka.

Siku ya kwanza ya barabara ilikuwa nyepesi. Kibaha, Chalinze, Morogoro, Gairo, na magharibi tukaingia Dodoma. Barabara ni ya lami, vituo vya kula ni vingi, na watoto walishughulika kuhesabu magari makubwa ya mizigo yaendayo Rwanda, Burundi na Kongo mpaka walipolala. Mtu aliyezaliwa kisiwani, ambaye safari yake ndefu kabisa ya nchi kavu ni ya kutoka Mjini kwenda Nungwi au kutoka Chake Chake kwenda Konde, hupatwa na mshangao asiokuwa na maneno nao anapoendesha kutwa nzima na bado asione bahari upande wowote. Mtoto wetu wa mwisho aliuliza kama tumepotea.

Siku ya pili ndiyo iliyotufundisha. Kutoka Dodoma tulishika njia ya Manyoni na Itigi kuelekea Tabora, na hapo ndipo tulipokuwa tukikaribiana kabisa na njia ya misafara ya kale. Msafara uliotoka Bagamoyo ulitumia miezi mitatu hivi kufika Tabora, ikiwa Mungu ameujaalia salama. Wapagazi, wengi wao Wanyamwezi waliofanya kazi hiyo kwa ujira, walibeba mabegani mzigo wa frasila mbili hivi kila mmoja: kwenda, nguo za merikani, shanga na nyaya za shaba, kurudi, pembe za ndovu. Walipopita Ugogo iliwapasa kuwalipa watemi wa huko ushuru wa njia na maji, na ushuru huo uliitwa hongo. Wapenzi wa lugha wajionee wenyewe safari ya neno hilo, lililoanza likiwa haki ya mwenye nchi na kuishia kuwa aibu ya mwenye ofisi. Sisi tulisimamishwa na askari wa barabarani mara tano baina ya Dodoma na Tabora, tukakaguliwa, tukatakiwa safari njema, na twapenda kuandika hapa kwamba hatukudaiwa hongo kwa maana ya zamani wala kwa maana ya sasa.

Baada ya Manyoni huanza pori ambalo wenye misafara waliliita Mgunda Mkali. Jina lenyewe lilitosha kuwatia watu hofu, kwani lilikuwa pori la siku nyingi lenye maji haba, na wengi waliolala humo hawakuamka. Sisi tulilipita kwa saa chache, madirisha yamefungwa kwa ajili ya vumbi la magari yaliyotutangulia. Katikati ya pori hilo hilo gurudumu la nyuma lilipasuka. Tulishuka sote, na kwa muda wa saa moja hivi, tukihangaika na jeki, tulipata kuonja joto, na ukimya, na zile mbung'o ambao hawana heshima kwa mtu mzima. Bi Mkubwa aliketi juu ya dumu la maji chini ya mti usio na kivuli, akaomba aletewe chai. Kisha akauliza: "Na yule mtoto wa watu alipita hapa kwa miguu?" Tukamjibu kwamba ndiyo, yumkini alipita hapa. Hakusema neno jingine mpaka Tabora.

Tabora tulikaa siku mbili. Mji huu haukosi vya kumwonesha mtoto. Skuli ya serikali ya wavulana aliyosoma Mwalimu Nyerere ipo, na miembe ipo kila upande. Wenyeji husimulia kwamba ilipandwa na misafara, watu wakila embe njiani na kutupa kokwa. Kwa sisi tuliolelewa katika shughuli za Chama, Tabora ni mji wa Januari 1958, pale mkutano mkuu wa TANU ulipokaa kuamua kama uingie katika uchaguzi wa kura tatu, ambao kila mpiga kura alilazimishwa kuchagua Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja na Mzungu mmoja. Wengi walikwenda mkutanoni wakiwa wamekwisha kuazimia kukataa. Mwalimu akawashawishi wakubali, na ukaitwa Uamuzi wa Busara. Zuberi Mtemvu hakuridhika, akajitenga na kuunda chama chake. Tuliwaeleza watoto habari hii kwa kirefu, pengine kwa kirefu mno, maana mkubwa wao alikatiza akauliza kama na sisi Visiwani wakati huo tulikuwa na mkutano wa namna hiyo. Ni suala zuri. Tulilijibu kwa kumwambia ale embe. Baadaye tuliona haya, tukamweleza.

Nje kidogo ya mji, Kwihara, ipo tembe alimokaa David Livingstone mwaka 1872 baada ya kuagana na Stanley. Ni nyumba ya udongo yenye kuta nene na baridi ya kupendeza ndani, na mlango wake wa nakshi ungeweza kabisa kuwa wa mtaa wowote wa Mji Mkongwe. Bi Mkubwa aliushika mlango ule kwa muda, akizipitisha nakshi zake kwa kidole kama mtu asomaye.

Kutoka Tabora kwenda ziwani njia hupita Urambo, ambako Mtemi Mirambo alitawala mpaka alipofariki 1884, yeye aliyewafungia njia wafanyabiashara wa pwani katika vita vya 1871 na kuwafanya wajue kwamba bara nako kulikuwa na wenyewe. Kisha Kaliua, kisha Mto Malagarasi na daraja lake refu, kisha Uvinza ya chumvi. Sehemu nyingine kazi ya lami ilikuwa ikiendelea, na hapo mwendo ulikuwa wa kobe. Lakini wakati wa alasiri tulipanda kilima cha mwisho, na watoto wakapiga kelele kwa pamoja: "Bahari!"

Si bahari, ni ziwa. Ila kosa lao linasameheka. Ng'ambo ya pili milima ya Kongo ilionekana kama wingu. Ziwa Tanganyika lina urefu wa kilomita zinazokaribia 700, na kina chake hufika mita 1,470, na ulimwenguni ziwa lililolishinda kwa kina ni Baikal peke yake. Nchi nne hulichangia: Tanzania, Kongo, Burundi na Zambia. Tulipofika mialo ilikuwa kimya na mitumbwi imepandishwa mchangani, kwani ilikuwa katika miezi mitatu, tangu 15 Mei hadi 15 Agosti 2024, ambayo serikali iliufunga uvuvi wa ziwa hilo, kwa makubaliano na nchi jirani, ili samaki wapate kuzaa. Mvuvi mmoja aliyekuwa akishona wavu alituambia kwamba analikubali jambo lenyewe, ila tumbo halifungwi kwa tangazo. Tukamsimulia wavuvi wa Pemba wanavyofunga miamba yao kwa ajili ya pweza, na jinsi pweza wanavyopatikana wakubwa siku ya kufungua. Akatuuliza hufungwa kwa muda gani, na nani huwalisha wavuvi katika muda huo. La kwanza tulilijua. Maofisa wanaosoma safu hii watatambua kwamba suala la pili ndilo lenye uzito.

Watu husema Kigoma na Ujiji kama mji mmoja, na kwa utawala ndivyo ulivyo, manispaa moja. Lakini Kigoma ni mji wa reli na bandari, iliyopata nguvu tangu Wajerumani walipoifikisha reli ya kati ziwani mwaka 1914. Bandarini hapo ndipo ilipounganishwa meli ya Liemba, iliyoundwa Papenburg kule Ujerumani mwaka 1913, ikaletwa vipande vipande, ikazamishwa na Wajerumani wenyewe 1916 isije ikaangukia mikononi mwa adui, ikainuliwa 1924 na kuanza kazi upya 1927. Watoto walitaka pia kwenda Gombe kuona sokwe waliochunguzwa na Jane Goodall, aliyefika huko 1960 na kufariki Oktoba 2025, mwaka mmoja na kitu baada ya safari yetu. Gombe hufikiwa kwa mashua tu, na Bi Mkubwa alikataa. Alisema hakuja masafa yote hayo kuangalia nyani, na kwamba kima wa Jozani wanamtosha.

Ujiji iko kilomita chache kusini mwa Kigoma, na ndiyo kongwe. Burton na Speke waliikuta ni soko maarufu walipofika Februari 1858, wakiongozwa na watu waliokwisha kuizoea njia. Leo ni mji mdogo, mpole, wa nyumba za chini zenye baraza, vichochoro vya mchanga, michikichi na miembe. Adhana husikika kutoka pande kadhaa kwa wakati mmoja. Wanawake hujifunga leso kama wetu, wanaume huketi barazani baada ya alasiri kama wetu, na Kiswahili chao ni fasaha chenye madaha yake. Ni Kiswahili hicho hicho kilichovuka ziwa na misafara na kuenea Kongo ya mashariki. Mama watoto alisema kwamba lau angefungwa macho na kufunguliwa pale, angeuliza njia ya kwenda Ng'ambo. Kilichomzindua ni chakula. Ugali wa muhogo kwa dagaa waliopikwa na mawese ni chakula kizuri, ila harufu ya mawese ni ngeni kwa pua ya mtu wa nazi, na siku ya pili ile mizigo ya Bi Mkubwa ikafunguliwa kwa shukurani. Akawapikia majirani wa nyumba tuliyofikia wali wa nazi. Tangu hapo hatukuwa wageni tena.

Palipo na ukumbusho wa Livingstone na Stanley tulipelekwa mapema, kwani kila mgeni hupelekwa huko. Pana jiwe la kumbukumbu, na miembe iliyotokana na ule mwembe wa asili ambao chini yake, yasemekana, walikutana mwishoni mwa 1871. Watoto waliyasikiliza maelezo, kisha mmoja wao akauliza walikuwa wangapi siku ile. Tukasema wawili. Akasema hapana, kwani yule Mzungu alikuja na watu wengi, nani alikuwa akibeba vitu? Tukalazimika kusema kweli. Aliyemlaki Stanley mwanzo, kwa maelezo ya Stanley mwenyewe, alikuwa Susi, mtumishi wa Livingstone, ambaye baadaye pamoja na Chuma na wenzao waliuchukua mwili wa bwana wao kutoka bara mpaka Bagamoyo, ukafika 1874. Na katika wakuu wa msafara wa Stanley alikuwamo Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyetekwa utotoni, akauzwa, akapelekwa Bara Hindi, akapata uhuru wake na kurudi Unguja, na ambaye kabla ya hapo ndiye aliyefuatana na Burton na Speke. Bombay alikuwa mtu wa Unguja kwa makazi yake. Katika skuli zetu ni watoto wangapi walijuao jina lake? Sisi wenyewe tulilipata ukubwani.

Kazi ya barua ilianza baada ya sala ya Ijumaa. Imamu wa msikiti mmoja wa zamani alitupeleka kwa mzee mmoja, mtu wa miaka themanini na ushei, ambaye macho yake yamepotea na kumbukumbu yake imebaki kali. Tuliisoma barua mbele yake. Alitutaka tuirudie. Kisha akatabasamu, akasema: "Watu wa pwani huja. Mwaka hupita wawili, mwaka hupita mmoja. Kila mmoja anatafuta kaburi la babu yake. Makaburi yenyewe hayana majina, na waliokuwa wakiyajua ndio waliomo ndani yake." Jina la kaka wa babu hakulijua. Alijua nasaba nyingi za pwani zilizokaa Ujiji, zikaoana na Wamanyema, Wagoma na Waha, zikawa ni watu wa hapa basi. Akasema huenda damu ya yule mtu inapita barabarani kila siku ikituamkia nasi tunaiitikia.

Bi Mkubwa alilipokea jambo hili kwa subira kuliko tulivyolipokea sisi. Tulikuwa tumekwisha kuaga alipoingia bibi mmoja wa jirani, rika lake Bi Mkubwa au pengine amemzidi kidogo, aliyesikia kwamba wapo watu wa Unguja. Alikaa mkekani, akaulizia afya za watoto mmoja mmoja, kisha akamgeukia Bi Mkubwa.

"Dada, nyinyi mmekuja kumuuliza aliyekuja kwa miguu yake," alisema. "Na mimi nina wangu wa kuuliza. Nimwulize nani?"

Akasimulia. Mama wa bibi yake alikuwa mtoto wa Manyema, ng'ambo ya ziwa. Yeye na dada yake mkubwa walitekwa siku moja, wakavushwa ziwa kwa mtumbwi pamoja na wengine. Mdogo alifika Ujiji akiwa mgonjwa hata haifai kumwendesha njia, akaachwa katika nyumba ya mtu. Mkubwa akachukuliwa na msafara kwenda pwani. Yule mdogo alipona, akakua, akaolewa, akazaa, na mpaka anakufa alikuwa na desturi ya kutoka barazani kila msafara, na baadaye kila gari la moshi, linapotoka pwani. Vizazi vinne katika nyumba ile huambizana: tunaye mtu wetu pwani. Bibi yule aliuliza kwa upole kabisa kama huko Unguja wapo watu wasemao kwamba asili yao ni huku.

Tulitazama chini. Wasomaji watuwie radhi, lakini tusingeweza kumdanganya mtu mzima ndani ya nyumba ya watu. Visiwani kwetu kila mtu, ukimuuliza, babu yake alitoka Shirazi au Yemen au Ngazija. Na waliotoka bara, kama wakikiri, walikuja kwa hiari yao kuchuma karafuu. Wale maelfu waliopandishwa majahazini Bagamoyo na bandari nyinginezo, wakashushwa Unguja, wakauzwa sokoni mpaka lilipofungwa Juni 1873, na hata baada ya hapo wakaendelea kupenyezwa kwa siri kwa kuwa mashamba ya mikarafuu yalidai mikono, mpaka utumwa wenyewe ukapigwa marufuku kisheria 1897: watu hao, kwa masimulizi ya nyumbani kwetu, hawakuacha mjukuu hata mmoja. Soko lao tunalionesha kwa wageni wa Ulaya na kupokea kiingilio. Wao wenyewe tumewasahau kwa makusudi. Mapinduzi ya 1964 yalifuta mengi, na sisi ni wa kwanza kuyatetea, lakini tusijidanganye kwamba aibu hii nayo ilifutika, kwani mpaka leo wanawake wakigombana mferejini neno "Mmanyema" hutamkwa kama tusi.

Bi Mkubwa hakuwa ametazama chini. Alimwangalia yule bibi, akamshika mkono, na kwa sauti ambayo hatujawahi kuisikia kwake akasema: "Wapo."

Hakuongeza kitu. Siku ya tatu ya kurudi, baina ya Itigi na Manyoni, katika Mgunda Mkali ule ule, ndipo alipoanza kuzungumza. Alisema kwamba bibi wa mama yake, aliyefariki yeye angali mtoto wa miaka saba, alikuwa akiwahesabia watoto vidole kwa maneno ambayo hakuna mtu nyumbani aliyeyafahamu. Akiulizwa ni lugha gani, husema ni ya kuchezea. Siku moja jirani alimtukana kwa jina hilo tulilolitaja, na mama yake Bi Mkubwa akawafungia watoto ndani, akawaapisha kwamba neno hilo halitasemwa. Halikusemwa kwa miaka sabini. Sisi, mwanawe wa kwanza, tulilisikia kwa mara ya kwanza huku tumeshika usukani.

Hatudai kwamba bibi wa mama yake ndiye yule dada mkubwa. Waliochukuliwa njia ile ni wengi mno, na mambo ya namna hiyo hutokea katika hadithi tu. Tunachodai ni kidogo zaidi, na tunakielekeza kwa wahusika. Mwaka 2006 serikali yetu ilipeleka UNESCO njia hii ya kati ya biashara ya watumwa na pembe ili iwekwe katika orodha ya awali ya urithi wa dunia. Vituo vilivyotajwa ni Bagamoyo, Mamboya, Mpwapwa, Kilimatinde, Kwihara na Ujiji. Mji Mkongwe wa Zanzibar ulikwisha kuandikwa katika urithi huo tangu 2000, kwa faili lake peke yake. Kwa makaratasi, basi, njia inakoma Bagamoyo ufukoni, na upande wetu mji unaanza kana kwamba ulijengwa na upepo. Wataalamu wa pande mbili za Muungano wanaweza kukaa pamoja juu ya jambo hili bila ya kungoja mfadhili. Wakati wanajiandaa kukaa, basi atumwe kijana mwenye daftari, au mwenye simu ya kunasia sauti, kwa mzee yule asiyeona na kwa bibi yule, na kwa wazee wa Unguja na Pemba wenye maneno ya kuchezea watoto yasiyojulikana lugha yake. Wizara za elimu za pande zote mbili zina walimu wa historia waliolalamika kwetu kwamba hawana la kuwafundisha watoto zaidi ya tarehe. Wazee hawa hawatangoja mkutano wa bajeti.

Tulirudisha gari la shemeji likiwa na gurudumu jipya na vumbi la mikoa saba. Bi Mkubwa alibeba gunia dogo la dagaa wa Kigoma, waliokaushwa kabla ya ziwa kufungwa, na chupa ya mawese ambayo alikuwa ameapa hataipika. Ndani ya boti alitafuta kiti karibu na dirisha, akaitoa ile barua, akaikunjua juu ya magoti. Akatutaka kalamu. Tukamwambia kwamba karatasi ni nyepesi, wino utapenya. Akasema upenye.

Nyuma yake tuliandika kwa herufi zile zile za Kiarabu, yeye akitamka neno kwa neno: jina la bibi wa Ujiji, jina la mama wa bibi yake, na mtaa wa nyumba yake; chini yake, jina la bibi wa mama yake Bi Mkubwa, na kabila lake. Tulipofika hapo tulisita tukamtazama. Alitamka tena, kwa sauti ya kusikika na abiria wa mbele. Tukaandika. Kisha akatukumbusha kutia na mwaka, maana yule kijana wa kwanza aliusahau.

Nyumbani mawese yalipikwa wiki ya pili.